Njia Nyeupe, Shangazi

Nimewachoka washauri wa usalama. Kila mji unapoanza kunuka moshi wa matairi, hujitokeza na orodha yao ile ile: epuka mikusanyiko, fuatilia habari mtandaoni, wasiliana na ubalozi wako, uwe na njia mbadala ya kuondokea. Orodha nzuri sana. Shida yake, aliyeiandika hajawahi kupanda basi la Kasulu akiwa na magunia ya maharage kwenye buti, mtoto wa abiria mwingine mapajani, na jogoo wa zawadi chini ya kiti anayedonoa kamba za viatu vya watu.

Nianze na ubalozi, maana ndio unaonikera zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, Dar es Salaam ilipochafuka, balozi za nchi za wenzetu ziliwatahadharisha watu wao: kaeni ndani, jiepusheni na barabara kubwa. Mtu katoka Ulaya kuja kupanda Kilimanjaro, ana serikali nzima inayomuulizia kama yuko salama. Mimi nimetoka Kasulu, mkoani Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara, mkoa ambao watu wa Dar wanauita mwisho wa reli kana kwamba ukipitiliza hapo unatumbukia ziwani. Nani ananiulizia? Balozi pekee niliyemwona wiki ile ni balozi wa nyumba kumi wa mtaa wetu wa Mbezi, naye alikuwa amejifungia na familia yake, anachungulia kwenye kona ya pazia.

Habari za mtandaoni nazo zilikatika siku hiyo hiyo. Mtandao ulizimwa nchi nzima, ukaja kurudi Novemba 3. Mtoto wa kaka yangu, ambaye tangu nifike kwake alikuwa ananihutubia kwamba "Shangazi, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu," akabaki ameishika simu yake, anaizima na kuiwasha, anaipeleka dirishani, anaipandisha juu ya kabati. Simu yangu ya tochi haikujua hata kama kuna kitu kimezimwa. Ilikuwa mezani imetulia, na chaji yake ya juzi.

Kabla sijaendelea kunung'unika, hili naliweka pembeni bila utani: watu walikufa siku zile. Wazazi wamezika watoto, na wengine walihangaika kutafuta hata mwili wa kuzika. Novemba hiyo hiyo Rais aliunda tume ya kuchunguza, akaiweka chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nani alifanya nini na kwa amri ya nani, hayo yana wenyewe wa kuyajibu, na si ya kuchekea. Mimi namzungumzia mtu mmoja mdogo: msafiri aliyekuja mjini kwa shughuli zake, hana bango wala rungu, na ghafla mji umefungwa naye akiwa ndani.

Msafiri huyo adui yake wa kwanza ni macho yake mwenyewe. Mtoto wa kaka yangu ni mtu mzima, ana mke, ana cheo kazini, lakini aliposikia mlio wa kwanza upande wa Kimara alikimbilia viatu. "Naenda kuchungulia tu, Shangazi, narudi sasa hivi." Kuchungulia nini? Tairi linaloungua ni jeusi, moshi wake ni mweusi, na hata Kasulu matairi tunayo. Kila anayekwenda kuchungulia anadhani yeye ni mtazamaji. Wenzake mia tano waliosimama pembeni yake nao kila mmoja anajiona mtazamaji. Askari aliye juu ya gari anawaona wote ni umati mmoja, na bomu la machozi halina muda wa kuuliza nani amekuja na bango na nani amekuja kusoma bango.

Nikamfichia viatu. Akataka kutoka na kandambili. Nikaweka kigoda mlangoni, nikakikalia, nikaanza kuchambua mchele taratibu, punje moja moja. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikishakaa mlangoni, mlango huo umefungwa. Alininunia mpaka jioni. Mkewe aliniletea chai ya tangawizi, tena yenye sukari kuliko siku zote.

Kwa kuwa mtandao haukuwepo, habari zilirudi kwa wenyewe: bodaboda, mama wa maandazi, na mlinzi wa ghorofa la jirani. Bodaboda alikuja kusema Mwendokasi wamechoma vituo vyote mpaka Kivukoni. Mama wa maandazi akasema si vituo, ni madaraja. Kijana mwingine akapita anahema, akasema Morogoro yote inawaka. Niliwauliza kila mmoja swali moja: umeona kwa macho yako, au umeambiwa? Bodaboda aliambiwa na mwenzake wa Kimara. Mama wa maandazi aliambiwa na bodaboda. Kijana wa Morogoro aliambiwa na mtu ambaye hakumbuki sura yake. Mlinzi peke yake ndiye aliyekuwa na kitu cha kueleweka: redio ndogo ya betri, aerieli yake imeungwa kwa waya wa tambi. Kwenye redio hiyo ndipo tuliposikia tangazo la Mkuu wa Jeshi la Polisi, Camillus Wambura, kwamba kuanzia saa 12 jioni mtu asionekane nje. Vituo vya Mwendokasi kweli viliungua, lakini madaraja yalikuwepo yote na Morogoro ilikuwa mahali pake.

Hapo ndipo nilipoanza kumwaza kijana wa tiketi. Basi langu la kurudi lilikuwa limeahirishwa kabla hata ya uchaguzi, eti abiria hawajatosha, na ndiyo maana kura yangu ilibaki Kasulu bila mimi. Nikampigia.

"Kijana wangu, safari ipo?"

"Ipo, mama yangu. Njia nyeupe. Njoo tu stendi saa kumi alfajiri."

"Saa kumi alfajiri si tumekatazwa kutoka nje?"

"Ah, hiyo ni kwa watu wa mtaani. Wewe ni abiria."

"Basi lenyewe liko wapi?"

"Liko njiani linakuja."

"Njia ipi?"

Akanyamaza kidogo. "Hiyo hiyo nyeupe, mama."

Nikamwambia asante, nikakata. Nimesafiri vya kutosha kujua kwamba katika kinywa cha mtu wa stendi, njia ni nyeupe wakati wa mafuriko, ni nyeupe daraja likikatika, na itakuwa nyeupe siku ya kiama mradi kuna kiti kimoja hakijalipiwa. Msafiri anayemuuliza muuza tiketi kama safari ni salama amemuuliza mtu ambaye atabaki stendi. Muulize dereva aliyefika asubuhi hiyo kutoka huko unakokwenda. Ukikosa dereva hata mmoja aliyefika, umeshajibiwa.

Sasa fedha. Mtoto wa kaka yangu mshahara wake unaingia simuni, anakula kwa simu, umeme ananunua kwa programu ya benki. Siku ya pili ya zogo LUKU ikaanza kulia pii-pii-pii, programu ikakataa kufunguka, wakala wa pembeni kafunga kidirisha chake na kuweka kufuli mbili. Serikali ilikuwa imewataka watumishi wa umma wafanyie kazi nyumbani Oktoba 30, kwa hiyo akakaa sebuleni na kompyuta isiyo na mtandao, anafanyia kazi giza. Tajiri wa simuni, mfukoni hana hata mia ya kibiriti.

Mimi nilikuwa nimeshauza maharage. Hela yangu ilikuwa noti, nusu kwenye pochi ya kuonekana na nusu kwenye pindo la kanga kiunoni, chini ya gauni, mahali ambapo mwizi akifika tutakuwa tumeshafahamiana. Nyumba ile ililishwa na pindo hilo. Na hata hapo nililalamika, kwa sababu bei ilikuwa inapanda tukiwa tunaitazama. Fungu la nyanya la mia tano likawa la elfu moja asubuhi. Mchana likabaki elfu moja lakini nyanya moja ya juu ikaondolewa. Nilimwona yule dada akiiondoa. Aliichukua kwa vidole viwili, akaipangusa kwa kanga, akaiweka pembeni kuanzisha fungu jipya. Nikampa noti ya elfu kumi, akasema hana chenji, nichukue pipi. Tukajadiliana kuhusu pipi mpaka jua likageuka. Tangu siku hiyo nasema: noti kubwa wakati wa vurugu ni karatasi ya kukuonyesha kuwa una hela. Beba za elfu moja moja na elfu mbili mbili, hata kama zinavimbisha pochi.

Kuna jambo ambalo orodha za usalama hazina kabisa, na sisi wa Kasulu na Kibondo tunazaliwa nalo. Ni lafudhi. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, lakini mgeni Muha ni kuku mweupe anayewika. Nikifungua mdomo Dar es Salaam, mtu wa pili lazima aulize, "Shangazi, wewe wa kwetu au wa Burundi?" Siku za kawaida nacheka. Lakini Novemba 3, Rais alipoapishwa Dodoma, alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Mimi si kijana, na jiwe nililowahi kurusha mwisho lilikuwa la kumfukuza nyani kwenye mahindi. Lakini nilivyosikia tu maneno hayo nilifungua begi na kuhakikisha kitambulisho changu cha NIDA kipo. Nikakihamishia mfuko wa mbele. Baadaye nikakihamishia kwenye kanga, pamoja na zile noti.

Nilifanya vizuri. Njiani kurudi, kwenye kizuizi kimoja ambacho sitakitaja, aliingia mkaguzi, akapita viti vyote kimya, akasimama kwangu.

"Mama, shikamoo. Unatokea wapi?"

"Marahaba. Kasulu."

"Kasulu ipi?"

Kwani ziko ngapi? Nikamwambia Heru Juu. Akaniuliza shule niliyosoma. Nikamtajia. Akaniuliza mtendaji wa kijiji anaitwa nani. Nikamtajia, nikaongeza na deni la mbegu analodaiwa. Akaniuliza jina la babu. Nikampa babu mzaa baba, babu mzaa mama, na kaka wa babu aliyekuwa mpiga ngoma wa Mwami. Abiria wa nyuma wakaanza kumwomba aniache, basi lichelewe kwa jambo lingine. Hapo ndipo nilipotoa kitambulisho.

"Sasa mama si ungetoa hiki mapema?"

"Hukuniomba kitambulisho, baba. Uliniomba ukoo."

Kwa hiyo nikisikia mtu wa Dar ananifundisha jinsi ya kujiokoa kwenye vurugu, nakohoa. Wanatuona washamba wa milimani, watu wa muhogo na mawese. Hawajui kwamba hakuna watu Tanzania waliokaa karibu na somo hili kuliko sisi. Burundi iliposhika moto mwaka 1972, watu walivuka kuja kwetu. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, wakavuka tena. Mwaka 1996 walikuja wa Kongo, ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Bujumbura ikachafuka, Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta kule Kibondo iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya. Mama yangu ni wa Mabamba, Kibondo, mpakani kabisa. Kwao hakuhitaji redio kujua hali ya jirani. Alisimama barabarani asubuhi akaangalia watu wamebeba nini.

Na hapo ndipo lilipo somo, kwenye mizigo. Niliwahi kumpokea mwanamke mmoja kule Makere, ana sufuria kichwani, godoro mgongoni kwa mtoto mkubwa, na yule mdogo kamfunga kifuani. Nikamkaribisha kigoda. Kitu cha kwanza alichofanya kabla ya kuomba maji ni kufungua fundo la kitenge kiunoni. Ndani kulikuwa na nailoni, ndani ya nailoni nailoni nyingine, na ndani yake karatasi zimekunjwa mara nne: cheti cha ubatizo cha kila mtoto, kadi ya kliniki, picha ndogo moja, na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino. Akazihesabu, akazirudisha, akafunga. Ndipo akasema, "Mama, naomba maji." Sijaona mshauri wa usalama aliyemfikia huyo.

Tulijifunza mengine kwao. Waliofika wazima, wengi waliondoka mapema na vitu vichache. Waliochelewa mara nyingi walikuwa wamerudi kuchukua kitu: baiskeli, mbuzi, redio ya kaseti. Na waliofika walikuwa na jina la mtu. "Tunakwenda kwa fulani, Mabamba." Hata kama fulani huyo alishafariki, jina lake lilitosha kufungua mlango.

Na mtu asidhani kukwama ni jambo la maskini. Mei 13, 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa huko huko Dar es Salaam, amekuja kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu vurugu za nchini mwake. Akiwa mkutanoni, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Uwanja wa ndege wa Bujumbura ukafungwa. Fikiria: mtu ana ndege, ana walinzi, ana nchi nzima, na yuko Dar hajui ataingiaje nyumbani kwake. Mapinduzi yalishindwa, na alirudi siku chache tu baadaye, lakini kwa muda ule yeye na mimi tulikuwa msafara mmoja. Tofauti ni kwamba hakuna aliyempigia simu kumwambia njia nyeupe.

Wakati huo huo raia wake walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha ufukweni Kigoma, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kinawala, wanasubiri MV Liemba iwachukue kwenda Kigoma mjini. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba usalama wangu uko kwenye programu mpya, huwa nakumbuka kwamba watu wale waliokolewa na chuma cha zaidi ya miaka mia moja na mabaharia wake.

Majirani wengine nao wanatufundisha. Wakenya wana uzoefu wa kutosha kufungua chuo. Mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi wao, reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na watu wa Kampala na Kigali, ambao hawakupiga kura yoyote Kenya, wakapanga foleni ya petroli. Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi tangu alfajiri. Abiria wa mabasi ya usiku walishushwa nje ya jiji, wakatembea na mabegi kichwani bila kujua wanakokwenda. Tarehe ile ilijulikana miezi mingi kabla. Saba Saba ni saba ya mwezi wa saba tangu mwaka 1990, haijawahi kuhama. Msafiri anayekata tiketi ya kufika mjini alfajiri ya siku ambayo kila mtu anajua kutakuwa na maandamano, na yeye haendi kuandamana, anatafuta nini?

Uchaguzi, matokeo, kuapishwa, hukumu ya kesi kubwa ya kisiasa, kumbukumbu ya tarehe fulani: hizo zote ziko kwenye kalenda. Sisi wakulima tunajua mvua itaanza lini, tunapanga mbegu. Sijui kwa nini watu waliosoma hawawezi kupanga safari kwa kutazama kalenda ya ukutani.

Amri ya kutotoka nje Dar es Salaam iliondolewa Novemba 4. Mtandao ulikuwa umeshaanza kurudi, ukifuatana na ujumbe wa Polisi kwenye simu za watu, kwamba kusambaza picha za kuzua taharuki ni kosa. Mtoto wa kaka yangu alifungua simu, ikatetemeka mfululizo mpaka ikadondoka mezani. Video karibu mia kutoka kwa jamaa zake. Nikamwambia azitazame kama lazima, lakini asimtumie mtu, na hasa asinitumie mimi ninayepita vizuizi vyote mpaka Nyakanazi. Simu yangu haina uwezo wa kupokea video, lakini nilitaka iwe kwenye rekodi.

Sikuondoka siku hiyo, wala iliyofuata. Kila mtu aliyekwama alikimbilia stendi ya Magufuli kwa pamoja, nauli za ulanguzi zikapaa, watu wakabebana kwenye viti. Niliacha vumbi litulie. Hilo nalo ni la kuandikwa: siku mji unapofunguliwa si siku ya kusafiri, ni siku ya kuoga na kupiga simu. Nilipoondoka nilikuwa nimeshaongea na madereva walioingia kutoka Kahama na Kibondo, na wote walisema mambo yanayofanana.

Wala sikujilazimisha kufika Kasulu usiku. Nilishuka Kibondo kwa dada yangu. Sisi wa barabara ile tuna adabu ya zamani. Kulikuwa na miaka ambayo majambazi walikuwa wanateka magari kwenye mapori kati ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, mabasi yakisubiriana yaende msafara na askari mwenye bunduki kiti cha mbele. Siku hizi lami imeshika sehemu kubwa na vijana hawaijui hofu ile, ila adabu ilibaki: ukiona giza na una ndugu hapo, shuka. Dada alinipokea na ugali wa muhogo na dagaa, akaniwekea asali ya Kibondo kwenye kopo, akasema, "Mdogo wangu, umekonda." Uongo mtupu, lakini nilihitaji kuusikia baada ya wiki ile.

Ikaja Desemba 9, Siku ya Uhuru. Serikali ilikuwa imefuta sherehe, na Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba akawataka wananchi wakae nyumbani, maana kulikuwa na wito wa maandamano mengine. Mteja wangu wa Dar alinipigia siku chache kabla, anataka maharage haraka, bei nzuri, eti gari lipo na njia nyeupe. Nikamwambia maharage ya Kasulu yakikauka vizuri yanakaa mwaka mzima guniani, na mimi pia. Akapandisha bei. Nikamwambia aipandishe tena tarehe kumi na tano. Bei tuliyokubaliana baada ya hapo ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na sijutii hata shilingi.

Basi, wewe unayefunga begi sasa hivi, sikia ya mtu wa milimani. Tazama kalenda kabla ya kutazama bei ya tiketi. Beba noti ndogo, uzigawe mahali pawili. Kitambulisho kikae mwilini, si kwenye begi la buti. Namba tatu za simu ziandike kwenye karatasi, maana kichwani siku hizi hakuna aliyeshika hata ya mume wake. Uwe na simu ya tochi yenye chaji, dawa zako za siku zaidi ya ulizopanga kukaa, na jina la mtu mmoja katika kila mji utakaopita. Mlio ukisikika, kaa ulipo, mbali na dirisha, na anayetaka kwenda kuchungulia mfichie viatu. Habari ikifika, uliza aliyeileta kama ameona au ameambiwa. Na mtu wa stendi akikwambia njia nyeupe, mwambie atangulie yeye.